Mto chini ya jiko la mama mdogo



Juma lililopita mama mmoja wa likelemba yetu aliniuliza: "Mwalimu, kwa nini unakataza watoto kutupa takataka mtoni? Si mto unabeba kila kitu?" Siku ile sikumjibu, kwa sababu jibu ni refu. Leo nalileta hapa.

Nilipokuwa mwanafunzi wa ISP Bukavu, nilikaa miaka mitatu kwa mama mdogo, Kadutu. Nyumba yake ilikuwa bondeni, kando ya kijito kinachoingia katika mto Kawa. Nasema kando, lakini kweli ni kwamba jiko lilikuwa juu yake. Watu walijenga pande zote mbili, wakaweka mbao, kisha beton, mpaka kijito hakikuonekana tena. Aliyemuuzia kiwanja alimwambia ni mfereji mdogo tu. Usiku wa mvua tulisikia mawe yakigongana chini ya sakafu. Mama mdogo alikuwa akisema, "Lala, mwanangu, ni maji tu."

Mtaani kulikuwa na vijana watatu waliozoea kuingia chini humo kutafuta vyuma na bidoni za kuuza. Mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, niliwaomba wanipeleke. Walicheka sana. Kisha mkubwa wao akaniazima bote zake na kunipa sheria moja: "Dada, usiangalie mbingu ya hapa. Angalia kule mlimani. Kukiwa na wingu kule, hatuingii." Maji ya mlimani yanaweza kukufikia kabla tone moja la mvua halijakugusa.

Tuliingia tukiinama, na tochi mbili. Maji yalifika magotini. Harufu siwezi kuiandika katika gazeti la familia. Mirija ya vyoo ilitoka kwenye kuta, na nguzo za nyumba zilisimama ndani ya maji. Vijana wale waliwajua majirani kwa upande wa chini: "Hapa ni kwa fundi cherehani. Hapa ni kwa mama wa makala." Tulisikia hata mtoto akilia juu ya vichwa vyetu.

Halafu wakasimama. "Dada, hapa ni kwenu."

Sikuhitaji kuuliza wamejuaje. Mbele ya tochi kulikuwa na mifuko ya takataka imenasa kwenye chuma, na mmoja ulifungwa kwa kipande cha kitenge cha zamani cha mama mdogo. Fundo lile nilikuwa nimelifunga mimi mwenyewe. Kila asubuhi nilitupa mfuko katika tundu nyuma ya jiko, na nikidhani umekwisha. Kumbe ulikuwa unanisubiri chini. Na maji, yakikuta njia imezibwa, yaligeukia ukuta wetu. Niliingiza mkono katika pengo, ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Juu ya pengo lile ndipo palipokuwa na mafiga.

Jioni nilimweleza mama mdogo. Alinyamaza, kisha akasema, "Nihamie wapi?" Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na pesa zake zote zilikuwa katika kiwanja kile. Sikuwa na jibu. Tulifanya mambo mawili tu: tuliacha kutupa takataka katika tundu lile, na tukahamisha kitanda cha watoto kutoka chumba cha upande wa jiko, tukakiweka mbele, karibu na mlango.

Mwezi wa kumi na moja, usiku wa mvua kubwa, jiko lilikwenda na maji, pamoja na nusu ya chumba kile. Sufuria, makala, gunia la unga, vyote vilikwenda. Mama mdogo alihesabu watoto gizani mara tatu. Walikuwa wanne.

Ukitoka Kadutu, maji yale yanafika Ziwa Kivu, na kutoka ziwani yanaingia Ruzizi. Pale kwenye bwawa la umeme la Ruzizi 1, plastiki za Bukavu hunasa na kusumbua mashine. Mji unatupa taka, halafu unalalamika kwamba hakuna umeme.

Wabelgiji nao waliufunika mto wao. Brussels ina mto uitwao Senne. Ulikuwa mchafu sana, na baada ya kipindupindu cha mwaka 1866 walianza mwaka 1867 kuufunika kwa matao, wakajenga barabara kubwa juu yake. Leo watu hulipa kiingilio kwenda kuutazama chini ya ardhi. Lakini kuuficha hakukuusafisha: maji machafu ya mji yaliendelea kumwagwa humo kwa zaidi ya miaka 100.

Sisi wa Hombo mto wetu bado tunauona. Tunafua humo, tunavuka daraja, upande huu Kivu ya Kaskazini, ule Kivu ya Kusini. Lakini hatujasahau yaliyowapata jirani zetu wa Kalehe Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi: mito ilishuka na matope na mawe, na zaidi ya watu 400 walikufa. Nami naona vijito vyetu vidogo vinaanza kuwekewa mbao juu, kibanda leo, nyumba kesho.

Basi mama yangu wa likelemba, jibu langu ni hili. Mto unabeba, ndiyo, lakini unashusha mzigo mlangoni kwa mwingine, na siku nyingine mlangoni kwako. Naomba salongo ijayo tuchimbe shimo la takataka la pamoja, tuzibue vijito. Anayetaka kununua kiwanja akione kwanza siku ya mvua. Na watoto wafundishwe kuangalia mlimani kabla ya kushuka mtoni. Mama asiye na pa kuhamia, kama mama mdogo, ahamishe angalau kitanda.

Ni mimi mwalimu wenu.