Orodha ya Asubuhi ya Mchujo

Darasani nilifundisha hesabu, lakini Mbulu na baadaye Hanang walinijua kama mwalimu wa michezo, yule anayekabidhiwa orodha ya majina asubuhi ya mchujo wa wilaya na kutakiwa aseme akina nani waende UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ngazi ya mkoa.

Orodha ilikuwa na jina, shule, umri na mbio, basi. Kule Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong ambako farasi wanashindanishwa tangu 1954, mtabiri hupata zaidi: mbio zilizopita farasi alikuwa wa ngapi, leo anabeba uzito gani, anapandwa na nani. Yangu ilibidi niijaze mwenyewe. Niliwahi uwanjani wakati baridi ya Juni bado inauma na walimu wanachora mistari kwa majivu, nikawapitia watoto mmoja mmoja. Unatoka kijiji gani? Shule iko mbali na kwenu? Jana ulichunga? Mtoto wa milimani, anayepanda na kushuka kila siku kwenda kusoma, nilimwekea alama kwenye mita 1500. Wa Basotu, kwenye tambarare za mashamba ya ngano, mara nyingi alikuwa na hatua ndefu, nami nilimtazama kwanza kwenye mita 800.

Mbio zikianza sikukaa kwenye mstari wa kumalizia, maana pale kila mtu anaona. Nilisimama kwenye kona, mzunguko mmoja kabla ya mwisho, nikatazama mabega. Mabega yakianza kupanda kuelekea masikioni, pumzi imekwisha, hata kama mwenyewe bado anaongoza kwa mita ishirini. Kisha niliwafuata baada ya kumaliza. Mtoto wa nne anayeweza kuitikia salamu yangu kwa sauti kamili nilimthamini kuliko wa kwanza aliyelala chali.

"Mwalimu, lakini huyu ndiye kashinda," wenzangu waliniambia.

"Leo kashinda," niliwajibu. "Sisi tunatafuta wa mwezi ujao."

Umri ndio ulionikasirisha. Shule moja ilizoea kutuletea vijana walioanza kuota ndevu, wakiandikwa miaka 13. Walishinda kweli, na mtoto wa darasa la tano mwenye kipaji halisi akarudi nyumbani akiamini kwamba yeye ni mzito. Hilo nililigombania kila mwaka, na hadi leo naliona ni dhuluma.

Ujana wa kweli ni kitu kingine, na watabiri wengi huudharau. Gidamis Shahanga wa Katesh alikuwa na miaka 20 tu aliposhinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edmonton, 1978. Miaka minne baadaye, Brisbane, akachukua dhahabu ya mita 10,000.

Nimestaafu, lakini orodha za mbio kubwa bado nazisoma kwa kalamu mkononi. Kabla ya marathoni ya Boston ya Aprili 2023, karibu kila niliyezungumza naye alimtaja Eliud Kipchoge. Mimi nilipigia mstari jina la Gabriel Geay, kijana wetu wa Mbulu. Miezi minne nyuma, Valencia, alikuwa wa pili nyuma ya Kelvin Kiptum, akitumia saa 2:03:00, na Boston ina vilima. Kipchoge aliachwa, akamaliza wa sita. Geay alikuwa wa pili, sekunde 10 nyuma ya Evans Chebet.

Mwaka mmoja kwenye kamati ya wilaya tulibishana juu ya mvulana wa Dongobesh aliyemaliza wa mwisho, kidole cha mguu kimepasuka. Wengi walitaka afutwe. Niliwakumbusha Mzee John Stephen Akhwari, mtu wa hapa hapa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki jijini Mexico, alianguka, akaumia goti, akamaliza wa 57, wa mwisho kabisa, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde. Mtabiri wa matokeo matupu angemfuta siku ileile. Lakini mwaka 1970, Edinburgh, Akhwari alikuwa wa tano katika marathoni ya Jumuiya ya Madola. Nikaomba mvulana apewe wiki mbili kidole kipone, kisha akimbie tena peke yake mbele ya kamati nzima. Mwenyekiti akakubali, jina likabaki kwenye orodha.