Kusikiliza Upya Kazi Iliyokataliwa: Dazzle Ships katika Toleo la 2008

Kazi ya sanaa iliyokataliwa na hadhira yake hutetewa mara nyingi kwa hoja moja iliyochakaa, yaani kwamba ilizaliwa kabla ya wakati wake. Hoja hiyo humfaa mtetezi mvivu, kwani haimlazimu kuichunguza kazi yenyewe. Humtosha kuwalaumu waliotangulia. Hivyo ndivyo Dazzle Ships, albamu ya kundi la Orchestral Manoeuvres in the Dark la Uingereza, inavyotetewa na wapenzi wake wengi tangu ilipotolewa upya mwaka 2008. Utetezi huo hauitendei haki. Albamu hii haikuwa mbele ya wakati wake hata kwa siku moja. Ilitoka mwezi Machi 1983, na kila kilichomo ni cha miaka hiyo: vituo vya redio ya masafa mafupi kutoka Ulaya iliyogawanyika, roboti za viwanda vya magari, kidude cha kuchezea watoto kinachotamka maneno kwa sauti ya mashine, habari za vita vya Amerika ya Kati. Swali linalopasa kuulizwa ni jingine: ni kitu gani hasa kilichokataliwa, na je, toleo jipya linamrudishia msikilizaji kitu hicho, au linampa kingine chenye jina lilo hilo?

Andy McCluskey na Paul Humphreys walikulia katika rasi ya Wirral, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, na kundi lao walilianzisha mwaka 1978 wakiwa wamevutwa sana na Kraftwerk wa Ujerumani. Mwaka 1981 walitoa Architecture & Morality, kazi ya ukungu na utusitusi, iliyojaa sauti za kwaya zilizozungushwa kwenye kanda na za kinanda kiitwacho Mellotron. Nyimbo tatu za albamu hiyo ziliingia katika tano bora za Uingereza: Souvenir ilifika nafasi ya 3, Joan of Arc ya 5, Maid of Orleans ya 4. Kwa hesabu ambayo McCluskey mwenyewe amekuwa akiitoa, albamu hiyo iliuzwa nakala milioni tatu, na iliyoifuata laki tatu. Kwa maneno mengine, wanunuzi tisa katika kila kumi waliondoka. Ni kweli kwamba Dazzle Ships ilifika nafasi ya 5 nchini humo, lakini Genetic Engineering, santuri ndogo iliyoitangulia, ilikomea nafasi ya 20, na Telegraph ikakwama katika ya 42.

Katika simulizi ya mashabiki, wasanii hawa wawili ni mashujaa waliojitoa mhanga kwa kuupa kisogo umaarufu. Simulizi hiyo inapendeza, ila ushahidi wa kazi yenyewe unaonyesha jambo gumu zaidi. Sehemu kubwa ya nyimbo za Dazzle Ships si mpya. Radio Waves ilitoka katika siku za The Id, kundi walilokuwa nalo kabla ya hili. The Romance of the Telescope ilikuwa imekwisha kutolewa mwaka 1981 katika upande wa pili wa santuri ya Joan of Arc, ikitajwa palepale kuwa haijakamilika. Of All the Things We've Made nayo ilikuwa nyuma ya Maid of Orleans. Toleo la 2008 linaongeza ushahidi mwingine, nao ni Telegraph kama ilivyorekodiwa mwaka 1981 katika studio ya The Manor, kabla ya kuwekwa kando na kurekodiwa upya. Mwanafunzi wa tenzi za Lamu, aliyezoea kukuta nakala mbili za utenzi mmoja zenye beti zisizolingana, atajua mara moja thamani ya kielelezo cha aina hii. Hapa yanaonekana mambo ambayo msanii hakukusudia yaonekane. Watunzi hawa walikuwa wameishiwa nyimbo. Ukame huo ndio uliowapeleka kwenye redio, na hapo ndipo walipopata muundo ambao wingi wa nyimbo usingewapa.

Muundo huo ndio maana ya jina la albamu. Mwaka 1917, nyambizi za Kijerumani zilipokuwa zikizizamisha meli za Waingereza, mchoraji wa bahari Norman Wilkinson alipendekeza meli zipakwe mistari na pembe za rangi zinazogongana. Rangi hizo hazikukusudiwa kuificha meli, kwani meli baharini haifichiki. Zilikusudiwa kumkanganya atazamaye kupitia darubini ya nyambizi, asiweze kukadiria inaelekea wapi na kwa kasi gani. Edward Wadsworth, mmoja wa wasimamizi wa upakaji huo huko Bristol na Liverpool, alichora mwaka 1919 picha ya meli kama hizo zikiwa kwenye chelezo cha Liverpool. Picha hiyo imehifadhiwa Ottawa, Kanada. Peter Saville, mbunifu wa majalada ya kundi hili, ndiye aliyeileta picha hiyo na jina lake kwa wanamuziki, na jina likawakaa sawasawa. Nyimbo za albamu haziko mbali na zile za 1981: tuni zi palepale, na sauti ya McCluskey ni ileile ya kulalamika. Ila baina yake na juu yake zimepakwa sauti za vituo, saa, mashine na honi, hata msikilizaji hawezi tena kukisia chombo kinaelekea wapi. Wimbo unaobeba jina la albamu unajiita sehemu ya pili, ya tatu na ya saba, wala hakuna anayeonyeshwa sehemu ya kwanza, ya nne, ya tano au ya sita. Ni mzaha wa watunzi, bila shaka, lakini yeyote aliyewahi kushika mswada uliopotelewa na kurasa anaujua wasiwasi ambao mzaha huu unauzua.

Albamu inafunguliwa kwa mlio wa utambulisho wa Radio Prague, kituo cha nchi iliyokuwa Chekoslovakia. Baadaye, katika This Is Helena, sauti ya mtangazaji wa kike inajitambulisha kwa wasikilizaji asiowaona, na muziki unaicheza sauti hiyo kana kwamba ni ala. Hadhira ya Afrika Mashariki haina haja ya kuelezwa sauti hizi zilitoka wapi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ya Deutsche Welle mwaka 1963, na kwa miongo kadhaa masafa mafupi yalikuwa ndiyo njia ambayo dunia iliingilia sebuleni: sauti ikija na kufifia, vituo viwili vikipandana, kila kimoja kikidai kuwa ndicho chenye ukweli. Na kwa Mkenya aliyewasha redio asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, waasi wa jeshi la anga walipokuwa wamekiteka kituo cha Sauti ya Kenya, si nadharia kwamba chombo ni kilekile ilhali anayekisemea amebadilika. Kijana wa Wirral, kwa upande wake, alikuwa akivisikiliza vituo vya kambi zilizokuwa zimeelekezeana makombora ya nyuklia, na kusikia kwamba pande zote mbili zilikuwa na wanawake wenye sauti za upole za kusoma ratiba ya vipindi.

Kiini cha albamu, hata hivyo, ni International, wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza. Unaanza kwa sauti ya msomaji wa habari akieleza, kwa mizani ileile ambayo angesomea hali ya hewa, juu ya msichana wa Nicaragua aliyekatwa mikono na waliokuwa askari wa Somoza. Kisha habari inakwisha na wimbo wa taratibu unaingia. Wengi wameupita wimbo huu haraka ili wafikie majaribio ya upande wa pili, na hapo wamelikosa jambo lililo zito kuliko yote humu. Hakuna chochote katika wimbo kinachomwokoa msichana yule. Haurudi kwake, haumpi jina. Kinachosikika ni uchungu wa mtu aliyeketi mbali, mwenye redio nzuri, ambaye amelisikia jambo na hana la kulifanya. Umahiri wa watunzi uko katika kuiacha habari ile isimame bila muziki, nje ya wimbo, wala wasiitie katika kibwagizo. Wangeifanya kuwa sehemu ya wimbo, wangekuwa wameipamba. Mpangilio huu unawasuta pia wasikilizaji, ambao habari wameshaisikia na sasa wanaburudishwa kwa huzuni yake. Yamkini si rahisi kuupeleka wimbo wa namna hiyo karamuni.

Si kila kitu humu kimefaulu kiasi hicho. ABC Auto-Industry, kwa mfano, ina wazo moja tu, la binadamu kutamka kama mashine, na wazo hilo huchoka kabla ya kipande kwisha. Genetic Engineering, pamoja na uchangamfu wake na kile kidude cha Speak & Spell cha kampuni ya Texas Instruments, haiamui kama inashangilia au inaogopa, na kutoamua huko hakufikii kuwa kinaya. Lakini Time Zones, kipande ambacho mara nyingi huchekwa kwa kuwa hakina muziki hata chembe, kinastahili kusikilizwa kwa makini kuliko vyote vinavyokizunguka. Kimejengwa kwa saa za simu za nchi mbalimbali, zile sauti zinazomtangazia mpigaji wakati, zikirundikana kwa lugha tofauti. Kila sauti inasema kweli, na zote kwa pamoja hazieleweki. Baada ya mrundikano huo ndipo huja Of All the Things We've Made, wimbo mtulivu wenye maneno machache sana, na santuri inakwisha, ikiwa imedumu kama dakika 34 tu.

Hapo ndipo toleo la 2008 linapotia mashaka. Baada ya wimbo huo wa kumi na mbili limeongeza vipande sita: Telegraph ya 1981 iliyokwisha kutajwa, 4-Neu ambao ni heshima kwa kundi la Neu! la Ujerumani, Genetic Engineering na Telegraph katika sura ndefu za kuchezea dansi, 66 and Fading, na mwishoni Swiss Radio International. Kila kimoja ni cha thamani kwa mtafiti, na mpenzi wa kazi hii atavikumbatia vyote. Ila kimya kilichokuwa mwisho wa Of All the Things We've Made kilikuwa sehemu ya kazi. Msikilizaji wa 1983 aliachwa na mkono wa kinanda cha santuri ukiinuka. Msikilizaji wa CD anapitishwa mara moja kwenye bohari ya watunzi. Hoja inageuka kuwa kumbukumbu za ofisini. Aidha, jalada la Saville na wenzake, lililotobolewa matundu ili rangi za ndani zichungulie nje kama mistari ya meli za Wadsworth, halina namna ya kubaki vilevile katika kipimo cha CD. Toleo la miaka 40, la mwaka 2023, lilirudi kwenye santuri, na angalau hapo jicho lilipata nafasi yake.

Hata hivyo, hasara ya mwaka 1983 ilikuwa kubwa kuliko hii. Waliokatwa na hadhira walisikia ujumbe. Junk Culture ya 1984 ni albamu ya watu walioamua kutomtisha mnunuzi tena, na kufikia 1986 If You Leave, uliotungwa kwa ajili ya filamu ya Kimarekani ya Pretty in Pink, ulikuwa katika nafasi ya 4 huko Marekani. Ni wimbo mzuri, wala si haki kuwabeza kwa ajili yake. Lakini hakuna tena katika kazi zao za muongo huo mahali ambapo habari ya msichana wa Nicaragua ingeweza kusimama peke yake bila muziki.

Kipande cha mwisho cha toleo la 2008, kwa bahati au kwa makusudi, kimezaa ulinganifu ambao haukuwapo: kazi iliyofunguliwa na kituo cha Prague sasa inafungwa na kituo cha Uswisi, nchi isiyofungamana na kambi yoyote. Ulinganifu huo ni wa mhariri. Usisomwe kuwa wa watunzi. Lakini kuna jambo ambalo mhariri naye hakulitunga. CD hii ilipotoka, Chekoslovakia ilikuwa haipo tangu 1993, na Swiss Radio International ilikuwa imefungwa tangu 2004. Radio Prague yenyewe iliacha masafa mafupi mwaka 2011, miaka mitatu baadaye, na sasa husikika kwa njia ya intaneti. Milio ile miwili, iliyorekodiwa na vijana waliotaka tu kuonyesha jinsi dunia inavyosikika kutoka Wirral, haiwezi tena kunaswa na mtu yeyote anayezungusha kitufe cha redio usiku. Imebaki humu, mmoja mwanzo wa kazi na mmoja mwisho wa nyongeza zake, na msikilizaji wa 2008 aliyekusudia kusitisha CD baada ya wimbo wa kumi na mbili huenda akauacha mkono wake ulipo.