Bingwa wa Nani? Ushuhuda wa Kocha wa Ngumi Kahama

Ninafundisha ngumi Kahama. Vijana wangu wengi ni wachimbaji wadogo. Wanashuka maduarani, yaani kwenye mashimo ya dhahabu, Nyarugusu, Lwamgasa na vijiji vya jirani na Kakola, wengine wanabeba mawe kwenye makarasha ya kuyasaga, wachache wanaendesha bodaboda mjini. Wakishajua kusimama na kurusha ngumi, swali linalowasumbua ni moja: "Mwalimu, mimi ni wa ngapi?" Siwezi kulijibu kwa mkato. Kijana anayeuliza hivyo anataka kujua kama jasho lake linahesabiwa mahali popote, na jibu linaanzia kwenye mizani.

Ngumi za kulipwa zina madaraja 17 ya kawaida ya uzito. La chini kabisa linaishia kilo 47.6. La juu linaanza pale unapovuka kilo 90.7, na halina kikomo. Katikati, nafasi ni finyu: bantamu inaishia kilo 53.5, na supabantamu kilo 55.3. Hazifiki kilo mbili, lakini kwenye madaraja ya chini kilo mbili ni ngumi nyingine kabisa. Kwa hiyo kabla hujauliza wewe ni wa ngapi, lazima ujue wewe ni wa uzito gani.

Huku kwetu jambo hilo ni gumu kuliko watu wa mjini wanavyodhani. Kijana aliyekesha duarani, kwenye joto na hewa nzito, akipanda kwenye mizani asubuhi ile anaweza kusoma kilo 63. Anafurahi, anasema yeye ni supalaiti. Mwache apumzike siku mbili, ale ugali wake na sangara, anywe maji ya kutosha, atarudi na kilo 67, yaani mtu wa supawelta. Yule wa kilo 63 hakuwepo; ilikuwa kiu tu. Ndiyo maana nawapima asubuhi kabla ya chai, wakiwa wamepumzika, wiki baada ya wiki, na ninaandika kwenye daftari. Mizani yenyewe ni ya dukani, ya kupimia nafaka. Kila mara naijaribu kwanza kwa mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, kwa sababu mizani inayodanganya nusu kilo inatosha kumharibia mtu mwaka mzima.

Nimewaona vijana wakikaushwa ili waingie uzito usio wao. Wanavalishwa nailoni, wanakimbizwa juani, wananyimwa maji hadi mate yanakauka. Wakishapima wanafakamia chakula, na kesho yake wanapanda ulingoni wakiwa hawana miguu. Kukausha mwili kunaumiza figo na kuuacha ubongo bila ulinzi wake wa kawaida. Shirikisho la kimataifa la IBF lina utaratibu ninaouheshimu: kwenye mapambano yake ya ubingwa wa dunia, bondia anapimwa tena asubuhi ya pambano, na haruhusiwi kuwa amezidi kikomo cha uzito wake kwa zaidi ya kilo 4.5. Waliotunga utaratibu huo walielewa kwamba mtu anaweza kuishinda mizani ya jana na bado akawa amevaa uzito wa mwenzake.

Baada ya mizani inafuata rekodi, na hapa ndipo mabondia wa Shinyanga na Geita wanapopotea. Miji ya dhahabu inapenda ngumi. Machimbo yakitema dhahabu, Katoro au Kahama hakukosekani pambano, na ukumbi unajaa. Lakini mengi hayana kibali, hayana mwamuzi mwenye leseni wala daktari, na hakuna taarifa inayotumwa popote. Kijana anashinda, anabebwa mabegani, anapewa chake, basi. Kwa wanaotunza rekodi, pambano hilo halikufanyika.

Madhara yake ni makubwa kuliko kukosa sifa. Kijana huyo huyo akiitwa Dar es Salaam, anaingia kama mgeni asiye na pambano hata moja, na anapangiwa mwenyeji wa ulingo huo, aliyejiandaa kambini miezi miwili. Akipoteza kwa pointi, pambano lile limesimamiwa, limeandikwa. Akiitwa tena, hadithi ni ile ile. Baada ya muda mfupi rekodi yake inaonyesha kushindwa tu, kwa sababu ushindi wake wote ulibaki machimboni na kushindwa kwake kote kumesajiliwa mjini. Anakuwa mtu wa kuitwa ili wengine wapande. Hilo linaniuma kuliko ngumi yoyote niliyoiona ikimpata kijana wangu.

Watu wetu hawaoni tatizo upesi, na najua sababu. Usukumani tuna mbina, mashindano ya ngoma. Makundi ya Wagika na Wagalu yanapokutana baada ya mavuno, mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Uwanja wenyewe ndio unaotoa hukumu. Tumelelewa kuamini kwamba umati ukikukubali, wewe ni bingwa. Ngumi haiendi hivyo. Kelele za ukumbi mzima wa Kahama hazimpandishi bondia hatua moja. Kinachompandisha ni nani alisimama mbele yake, kwa uzito gani, na nani aliandika.

Niliingia kwenye kazi hii wakati nchi ilikuwa na vyama kadhaa vya ngumi za kulipwa: TPBC, PST, TPBO. Kila kimoja kilikuwa na mabingwa wake, na uzito mmoja ungeweza kuwa na mabingwa wa Tanzania wawili au watatu ambao hawajawahi kukutana. Leo usimamizi uko kwa Kamisheni ya Kusimamia Ngumi za Kulipwa, TPBRC, chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Leseni, vipimo vya afya, kibali cha pambano na utambuzi wa mkanda wa taifa vina mlango unaojulikana. Mimi ninawapitisha vijana wangu kwenye mlango huo hata wanapoona ni gharama.

Duniani nako mambo hayajanyooka, na huwa siwafichi. Mashirikisho makubwa ni manne: WBA, WBC iliyoanza 1963, IBF ya 1983 na WBO ya 1988. Kila moja lina mkanda wake katika kila daraja, kwa hiyo viti vya ubingwa wa dunia ni 68, na WBA wakati mwingine huweka mabingwa wawili katika uzito mmoja. Nje ya hayo manne kuna mengine mengi. Rashid Matumla alitwaa mkanda wa dunia wa WBU. Francis Cheka alimshinda Mmarekani Phil Williams Dar es Salaam, Agosti 2013, akachukua ule wa WBF. Ninawaheshimu wote wawili bila kipimo. Walituonyesha kwamba inawezekana. Lakini kijana wangu lazima ajue kwamba mikanda hiyo haimpi mtu nafasi moja kwa moja kwenye foleni ya yale manne.

Foleni yenyewe inapangwa na kamati. Kila shirikisho hutoa orodha yake ya ubora kwa kila uzito. Aliye juu kabisa huwa mpinzani wa lazima, na bingwa asipompa nafasi kwa muda uliowekwa, ananyang'anywa mkanda. Oleksandr Usyk alimshinda Tyson Fury huko Riyadh Mei 2024 akawa na mikanda yote minne ya uzito wa juu, bingwa wa kwanza asiyepingwa wa uzito huo tangu enzi za Lennox Lewis, aliyeufikia ubingwa huo mwaka 1999. Kabla ya Juni kwisha alikuwa ameuachia mkanda wa IBF, kwa sababu ya mpinzani wa lazima aliyekuwa akisubiri. Hakupigwa na mtu. IBF pia huacha nafasi ya kwanza na ya pili zikiwa wazi mpaka mtu amshinde aliyeko kwenye orodha. Wanasema, kwa maneno mengine, kwamba huwezi kuwa wa kwanza kwa kukaa.

Kuna orodha nyingine ambayo magazeti yetu na redio zetu huinukuu kila siku, ya BoxRec. Ile haitoi mkanda. Ni hesabu ya kompyuta inayosoma matokeo: ulimpiga nani, naye alikuwa amewapiga akina nani. Nguvu yake tuliiona Septemba 8, 2018, Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga, alipomsimamisha Sam Eggington raundi ya pili mjini Birmingham. Eggington aliwahi kuwa bingwa wa Ulaya wa welta. Usiku mmoja, mpinzani mmoja, na jina la Mwakinyo likaruka kwa kishindo kwenye orodha ya supawelta. Miaka mitatu baadaye, Septemba 2021, alimsimamisha Julius Indongo wa Namibia Dar es Salaam akitetea mkanda wa Afrika. Indongo aliwahi kushika mikanda miwili ya dunia. Mtu wa mkoani alipanda kwa kupiga watu wenye majina yanayosomeka, kwenye uzito wake, mapambano yakiwa yameandikwa. Ushindi kumi dhidi ya watu ambao hawajawahi kushinda usingemfikisha pale.

Kwa wale wadogo, na wasichana wanaoanza kuja mazoezini, ninapendekeza waanze na ngumi za ridhaa. Huko hakuna kamati ya kukupanga wala promota wa kukuchagulia. Kuna ratiba: unashinda unasonga, unapoteza unarudi nyumbani, na mizani inakusubiri kila siku unayocheza. Ndivyo Titus Simba alivyoleta fedha ya Jumuiya ya Madola mwaka 1970, Michael Yombayomba dhahabu ya bantamu Kuala Lumpur 1998, na Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike shaba Birmingham 2022. Medali za namna hiyo hazihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote duniani.

Nimeletewa mikanda ya "bingwa wa Kanda ya Ziwa" niwavalishe vijana wangu, mingine ikiwa imeshonwa wiki hiyo hiyo. Ninauliza mambo matatu: mpinzani alipimwa uzito mbele ya nani, yeye mwenyewe amemshinda nani, na taarifa ya pambano itafika TPBRC lini. Pasipo majibu, siupokei. Baadhi ya vijana wamenikasirikia na kuhamia kwingine, na sijabadilisha msimamo.

Ninachowaomba maofisa michezo wa Shinyanga na Geita, na wenye migodi wanaodhamini mapambano, hakihitaji mabilioni. Pambano lisipewe ukumbi bila kibali. Pawe na mizani iliyohakikiwa, daktari atakayekaa hadi pambano la mwisho, mwamuzi mwenye leseni, na matokeo yatumwe kabla hatujabomoa ulingo. Gharama ya haya yote ni ndogo kuliko ya spika na mabango tunayoyalipia bila kunung'unika. Tukiyafanya kwa misimu michache, bondia wa Katoro ataitwa Dar es Salaam akiwa na rekodi inayomlinda, na promota atalazimika kumlipa na kumpangia mpinzani kulingana na thamani yake.