Mtoto mwenye mpira kichwani

Mwanangu ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Ukimpapasa nyuma ya sikio la kulia utagusa kitu kama uzi mnene chini ya ngozi. Ni mpira unaopunguza maji yaliyozidi kwenye ubongo. Unashuka shingoni na kifuani hadi tumboni, ambako mwili huyafyonza.

Akiwa na miezi mitatu, kichwa kilianza kukua kuliko mwili. Majirani walisema mengi, wengine wakataka nimpeleke kwa mganga. Daktari alisema ubongo wa kila mtu hutengeneza maji, ila ya huyu hayakuwa na pa kutokea, na kadiri tunavyochelewa ndivyo ubongo unavyobanwa.

Alinichorea kwenye karatasi. Kupitia tundu dogo kwenye fuvu wangepitisha endoskopu, kifaa chembamba chenye taa na kamera. Kwenye skrini wangeona chumba cha maji ndani ya ubongo, wakaiweke ncha ya mpira penye nafasi, mbali na tishu zinazoweza kuuziba.

Watoto wengine hawawekewi mpira. Kwa kamera hiyohiyo hutobolewa njia mpya ya maji ndani ya ubongo. Huko Mbale, Uganda, katika hospitali ya CURE, Dk Benjamin Warf aliunganisha njia hiyo na kuchoma tishu zinazotengeneza maji, ili watoto wanaoishi mbali na hospitali wasitegemee mpira. Kwa mwanangu daktari aliona haifai.

Mzazi mwenzangu, mpira ukishawekwa, kazi yako ndiyo inaanza. Mpira huweza kuziba au kuingia vijidudu. Wa mwanangu uliziba akiwa na miaka miwili. Alitapika tangu asubuhi, akawa analala kila akiamshwa. Mama mkwe alidhani ni malaria. Kwenye zahanati nilianza na maneno haya: "Nesi, mtoto huyu ana mpira kichwani." Rufaa ikaandikwa hapohapo, na usiku ule akabadilishiwa.

Utosi ukivimba, macho yakitazama chini, akitapika, akilalamika kichwa, akisinzia kupita kawaida, au akiwa na homa na wekundu unaofuata mpira, usisubiri kesho. Mweleze bibi, dada wa kazi na mwalimu, kwa sababu siku hiyo huenda usiwe nyumbani.