Kisanduku Kimoja, Simu Mbili

Ndugu msomaji, nilimaliza kidato cha nne, pointi zikagoma, na tangu hapo najiita mwandishi wa riwaya. Riwaya yenyewe haijaisha, iko daftari la tatu. Lakini tumbo halingoji riwaya iishe, kwa hiyo nikapata kibarua cha mapokezi katika ofisi moja ya wakala wa forodha, hapa Dar es Salaam.

Mapokezi tulikuwa wawili. Dada mmoja wa makamo, mwenyeji wa Iringa, alikuwa na ekstensheni 21. Mimi nilikuwa na 22. Simu ikiita mara tano bila kupokelewa, mtambo ulimwambia mpigaji aache ujumbe. Sasa kisanduku cha ujumbe kilikuwa kimoja kwa simu zote mbili. Bosi alisema, cha pili cha nini na nyie mnakaa meza moja? Ujumbe mpya ukiingia, kitaa chekundu kilimeremeta kwangu na kwa dada. Mmoja wetu akishausikiliza, ulihamia fungu la zamani, na taa zikazimika kote kuwili.

Sikuona tatizo. Nyumbani kwetu barua zilipitia S.L.P. ya shule aliyofundisha mjomba, pamoja na za walimu kibao, na haikupotea hata moja. Nikajua na hiki ni kisanduku vilevile.

Nikiri jambo moja. Nilipenda kuwahi taa ile. Watu wakiongea na mashine husema maneno ambayo mbele ya mtu wasingeyasema. Mwingine anakohoa, mwingine anaomba radhi kwa mashine. Nilikuwa nanakili maneno yao kwenye daftari, nikijiambia kwamba hiyo ndiyo shule ya mwandishi.

Ikaja Alhamisi moja mwaka 2023. Dada alikuwa ameibiwa simu yake ya mkononi kwenye daladala Jumatatu yake, akawapa ndugu zake namba ya ofisi. Asubuhi ile alikwenda benki, nami nilikuwa nje nasaini mzigo. Niliporudi taa inameremeta. Nikainua mkonga. Alikuwa mdogo wake dada, anapiga kutoka Iringa: mama yao amezidiwa na sukari, wamempandisha basi na mjukuu wa miaka kumi na miwili, watashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis saa kumi, dada akawapokee awapeleke Muhimbili. Mwishoni sauti ikamkatika kidogo, akasema: "Mama kaondoka kashika kibegi chake kama mtoto wa siku ya kwanza shule."

Msomaji, sentensi ile ilinipiga. Nikaweka mkonga chini, nikafungua daftari, nikaiandika yote kabla haijaniponyoka. Ikanivuta nyingine, na nyingine, hadi ukurasa ukajaa. Nilijiambia dada akirudi nitamwambia. Alirudi, akatupa jicho kwenye simu yake, akaona taa imezima, akaketi. Mimi kichwa kiko kwenye daftari. Mara nikatumwa bandarini na nyaraka, na kutoka huko nikapitiliza nyumbani.

Kesho yake taa ilikuwa inameremeta tena. Safari hii dada ndiye aliyewahi. Ilikuwa sauti ya mtoto, kwa simu ya kuazima, saa mbili usiku: "Mama mkubwa, bado tuko stendi." Dada alitoka mbio bila mkoba.

Walilala kwenye viti vya stendi. Mama ntilie mmoja ndiye aliyewapa uji. Bibi alilazwa siku tisa, akapona, ashukuriwe Mungu. Lakini fundi wa mtambo aliitwa, kwa maana wote waliamini mashine ndiyo mbovu. Akaikagua, akasema: "Mashine nzima hii. Ujumbe ulisikilizwa, ndiyo maana taa ilizima." Simu ni mbili tu. Dada akanigeukia. Hakusema neno, na afadhali angenitukana.

Baadaye nilisoma kwamba Mmarekani Gordon Matthews alipewa hataza ya mtambo wa namna hii mwaka 1983. Mtambo huo ni wa kumtunzia ujumbe mtu asiyekuwapo mezani. Kwetu ulipotea nami nimekaa mezani. Na nikaona nilipokosea kuhusu S.L.P. Barua ina jina juu ya bahasha. Si yako, unaipitisha bila kuifungua. Sauti haina bahasha. Ni lazima uifungue ndipo ujue ni ya nani, na ukishaifungua taa imezima, mwenyewe hana tena dalili yoyote isipokuwa mdomo wako.

Fundi alitaka kututenganishia visanduku. Dada akakataa, akanunua daftari la kurasa mia akaliweka katikati ya simu: tarehe, saa, aliyepiga, anamtaka nani, nani kasikiliza, sahihi. Mwandiko mwingi humo ni wangu.

Juzi nilimwonyesha ukurasa wenye sentensi ya mdogo wake, nikamwomba radhi upya, nikamuuliza kama niuchane. Akasoma polepole.

"Usichane, mdogo wangu," akasema. "Iandike. Lakini uandike na wewe ulikuwa unafanya nini saa hiyo."

Ndiyo hii.