Kasongo: paka mwoga azoezwa kitunga kabla ya safari ya Kabambare

Familia moja ya wakimbizi wa ndani mjini Kasongo inajitayarisha kurudi kwao Kabambare. Watabeba mpunga wa mbegu, na panya hawana huruma na mbegu. Ndiyo maana paka hawezi kubaki. Lakini paka huyu anaogopa hata mlio wa pikipiki.

Mama ameacha kitunga wazi kando ya mlango, na kitambaa cha zamani ndani. Paka analishwa humo. Sasa kifuniko kinafungwa kwa muda mfupi, kila siku unaongezwa. Wakifika, atafungiwa chumbani siku nyingi kwanza, asije akatoroka kutafuta alikotoka.

Watoto wanacheka. Mama anawajibu: «Naye alikimbia risasi kama sisi. Woga hauondolewi kwa fimbo.»