Simu za Desemba

Watu wengi hudhani anayeuza tiketi za besiboli huchoka wakati wa joto, uwanja ukiwa umejaa. La hasha. Wakati huo tiketi ama zinajiuza zenyewe, ama timu inafungwa kila siku na haziuziki hata kwa dawa. Kazi yetu hukolea Novemba mpaka Februari, nyasi zikiwa chini ya theluji na wachezaji wametawanyika makwao, wengine Florida, wengine Santo Domingo, wengine Caracas. Hapo ndipo sisi wa chumba cha simu tunapowapigia wenye tiketi za msimu kuwaomba walipie tena. Na hapo ndipo wao wanapopata mtu wa kummwagia yaliyowajaa kifuani, maana mwenye timu hapokei simu, meneja mkuu hapokei simu, ila mimi, binti wa Magomeni niliyeijulia besiboli ukubwani, lazima nipokee.

Timu yenyewe sitaitaja. Bado inanilipa.

Kwa asiyejua, timu ya ligi kuu ya Marekani hucheza mechi 162, na nusu yake, 81, ni za nyumbani. Mwenye tiketi ya msimu ananunua kiti kimoja kwa mechi zote hizo, na kiti kizuri kinafika maelfu ya dola, ndiyo maana wengi hushirikiana na ndugu au wafanyakazi wenzao. Barua ya kumkumbusha alipie hutoka kwetu msimu wenyewe haujaisha, na malipo ya kwanza tunayataka kabla ya Krismasi. Sasa tazama upande wa pili. Wachezaji waliomaliza mikataba huwa huru fainali zikishakwisha, mwanzoni mwa Novemba. Wakubwa wa timu zote hukutana hotelini Desemba. Mikataba mingine mikubwa husainiwa Januari, na kubadilishana wachezaji huendelea mpaka warushaji na wadakaji wanaporipoti kambini katikati ya Februari, na hata baada ya hapo. Yaani shabiki analipa kwanza, halafu ndipo anaambiwa amenunua nini. Ukiniuliza manung'uniko ya majira ya baridi yanaanzia wapi, nitakuonyesha tarehe hizo mbili. Mengine yote ni matawi.

Matusi ni machache kuliko unavyodhani. Kinachonitoa jasho ni hesabu. Shabiki wa siku hizi anajua mchezaji gani amebakiza muda gani kufikisha miaka sita ya utumishi inayompa ruhusa ya kwenda atakako. Anajua kwamba besiboli haina kikomo cha mishahara, ila ina kodi ya anasa: ukivuka kiwango kilichowekwa, dola milioni 208 mwaka 2020, milioni 241 mwaka 2025, unatozwa asilimia kadhaa kwa kila dola iliyozidi, na ukivuka tena mwaka unaofuata asilimia inapanda. Mama mmoja, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alinisomea mishahara ya kikosi chetu nafasi baada ya nafasi, akajumlisha huku nikimsikia akigonga kikokotoo, akapata tuko chini ya kiwango kwa zaidi ya milioni hamsini. "Sasa niambie, binti," akasema, "hizo hamsini ziko wapi?" Sikuwa na jibu, na hata ningekuwa nalo lisingekuwa langu kulitoa.

Klabu zenyewe ndizo zilizowasomesha mashabiki. Tangu kitabu cha Michael Lewis kuhusu timu ya Oakland, Moneyball, kilipotoka mwaka 2003, wakubwa wa timu wamezoea kusimama mbele ya kamera na kuzungumzia ufanisi, thamani ya mkataba na mustakabali. Shabiki aliyesikilizishwa hayo miaka yote amejifunza somo, na sasa anawauliza maswali ya somo hilohilo. Wanashangaa nini?

Chumbani kwetu jina la Mookie Betts hutajwa hadi leo, ingawa hajawahi kuvaa jezi yetu. Mwaka 2018 alikuwa mchezaji bora wa Ligi ya Amerika, na Boston Red Sox wakashinda mechi 108 na kuchukua ubingwa juu ya hayo. Februari 2020, kambi ikiwa karibu kufunguliwa, Boston wakampeleka Los Angeles Dodgers pamoja na mrushaji David Price, wakapokea Alex Verdugo na vijana wawili, Jeter Downs na Connor Wong. Betts alikuwa na miaka 27. Julai ya mwaka huohuo akasaini Los Angeles miaka 12 kwa dola milioni 365, na Oktoba akawa bingwa tena. Boston, katika msimu uliofupishwa na korona, walishinda mechi 24 kati ya 60 wakashika mkia wa kundi lao. Mwisho wa 2022 Downs alikuwa ameachwa. Desemba 2023 Verdugo akapelekwa New York kwa Yankees, mahasimu wenyewe.

Hoja ya timu haikuwa ya kipuuzi. Betts alikuwa amebakiza msimu mmoja, angeweza kuondoka bila wao kupata kitu, na kodi ya anasa ilikuwa imewaelemea. Mtu mwenye duka angeielewa. Lakini angalia tarehe: Februari. Mwenye tiketi ya msimu alikwisha kulipa, na alilipa akimwona Betts kwenye picha. Halafu Boston ni mji wenye kumbukumbu ndefu. Babe Ruth naye aliuzwa kwa Yankees majira ya baridi, mwishoni mwa 1919, kwa dola 100,000, na Red Sox hawakuuona ubingwa tena mpaka 2004. Huko mtoto hurithi kinyongo hicho kabla hajajua kushika gongo.

Kwetu, habari ya mchezaji kuondoka hutufikia kwenye simu zetu za mkononi kabla mkuu wa idara hajaambiwa. Taa za simu zote zinawaka kwa mpigo. Baada ya muda inakuja karatasi ya majibu kwa barua pepe: mshukuru mchezaji kwa mchango wake, eleza furaha ya klabu kuhusu vijana wanaokuja, kisha rudisha mazungumzo kwenye kiti. Ile "rudisha mazungumzo kwenye kiti" imepigwa mstari. Basi utasikia chumba kizima kinaimba shairi moja kwa sauti tofauti, na mteja upande wa pili, ambaye si mjinga, anakuuliza, "Hilo umeandikiwa?" Mimi hujibu ndiyo. Wengi hucheka, na mazungumzo ya kweli huanzia hapo.

Lakini kitu ninachotaka watu wakijue ni kisanduku. Mteja akikataa kulipia, kompyuta hainifungulii jina linalofuata mpaka nichague sababu. Orodha ni fupi: bei, amehama, afya, hana muda, usafiri, nyingine. "Mmemwondoa mchezaji wake" haimo. Nachagua "nyingine," halafu kuna kisanduku cha maelezo, kidogo, sentensi mbili tu zinajaa. Nayaandika kwa makini maneno ya mteja. Baadaye mwenzangu anayetengeneza ripoti ya mwezi aliniambia kwamba ripoti hujumlisha zile sababu za orodha tu; kisanduku hakuna anayekifungua. Wenzangu wengi, ili waende haraka, huchagua "bei," na kwa namna fulani si uongo, kwa sababu mteja aliyekasirika mara nyingi humalizia kwa kusema kikosi hiki hakistahili pesa ile. Hivyo hasira yote ya Januari ikipanda ghorofani inafika ikiwa imevaa nguo za bei. Na wakubwa, watu wasikivu kwa namba, wanajibu walichosikia: punguzo la asilimia kumi, kofia ya bure, kuponi ya soseji. Mteja anayelilia mdakaji wake anapelekewa kofia. Akipiga tena, amekasirika mara mbili.

Yupo mzee mmoja ambaye kila mwaka hunisubiri mimi, hataki mwingine. Kiti chake kiko nyuma ya benchi la wageni, naye huandika mwenyewe kwa penseli kila mpira uliorushwa. Mwaka tulipomwondoa mchezaji ambaye watoto wa mji huu walikuwa wakiiga hata namna yake ya kutafuna, nilijua atapiga. Alikuwa mtulivu. Akaniambia kwamba mwezi mmoja kabla ya hapo alinunua dukani kwetu jezi yenye jina la yule kijana kwa ajili ya mjukuu wake, na alishangaa kuikuta na punguzo kubwa. "Sasa nimeelewa kwa nini ilikuwa rahisi," akasema. Duka ni idara nyingine kabisa, na sidhani kama walijua lolote. Lakini nenda ukamweleze mzee yule kwamba ni bahati tu.

Ndugu zangu wa Dar nikiwasimulia huniambia, mbona hata sisi tunaumia. Kweli. Clatous Chama alipotoka Simba kwenda Yanga mwezi Julai 2024, kuna watu walishindwa kula. Ila Chama mkataba wake ulikuwa umekwisha, akaondoka kwa miguu yake, na mwana Msimbazi alikuwa na haki ya kumnunia. Katika besiboli mchezaji mwenye mkataba hubadilishwa kwa mchezaji mwingine bila kuulizwa. Wanaoweza kukataa ni wachache: wenye kipengele maalumu kwenye mkataba, au waliofikisha miaka kumi ligini na mitano ya mwisho katika timu moja. Curt Flood wa St. Louis alikataa kuhamishiwa Philadelphia mwaka 1969, akaenda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1972 akashindwa. Haki ya mchezaji kuwa huru mkataba ukiisha ilipatikana 1975 kupitia kesi ya wengine, yeye akiwa amekwisha poteza kazi. Kwa hiyo shabiki wa huku aliyebadilishiwa mchezaji hana wa kumwita msaliti. Hasira yake ina anwani moja tu, na namba ya simu ya anwani hiyo ni ya kwangu.

Nisiwapake wenye timu wote tope. Pesa za televisheni, zilizokuwa zikizibeba timu nyingi, zimeyumba tangu Machi 2023, kampuni iliyokuwa ikirusha mechi za timu kadhaa ilipoomba kinga ya kufilisika. Minnesota Twins waliumia waziwazi. Oktoba 2023 walishinda mechi ya mtoano baada ya kufungwa 18 mfululizo za aina hiyo, mji ukapiga shangwe, na majira ya baridi yaliyofuata klabu ikapunguza mishahara ya kikosi kwa takriban dola milioni 30. Mrushaji wao Sonny Gray akaenda St. Louis, Jorge Polanco akapelekwa Seattle. Sababu ilikuwapo. Lakini mweleze sababu hiyo mtu aliyesubiri tangu 2004 kuona ushindi mmoja wa mtoano, uone.

Oakland ndiko nilikoona shabiki akifika ukingoni. Ndani ya mwaka 2022 klabu iliwaondoa Matt Olson, Matt Chapman, Chris Bassitt na Sean Murphy. 2023 ikafungwa mechi 112, huku mwenye timu akipanga kuihamishia Las Vegas. Mashabiki waliokuwa wakisemwa kwamba hawaji uwanjani wakapanga siku moja waje wote. Tarehe 13 Juni 2023 wakafika 27,759, wakiimba kwa sauti moja mwenye timu auze. Timu ikashinda siku ile. Haikusaidia, baada ya msimu wa 2024 iliondoka. Mimi nilichokiona pale, kama mtu wa tiketi, ni kwamba wale watu walilipa kiingilio ili wapate kusema, kwa sababu pengine pote walipopita hapakuwa na wa kuwasikiliza. Chumba cha simu cha namna yangu bila shaka nao walikuwa nacho, na kisanduku chake.

Kikaoni, mwishoni mwa majira ya baridi yaliyopita, nilipendekeza tarehe ya malipo ya kwanza isogezwe hadi kambi ikaribie kufunguliwa, ili mtu alipie kikosi anachokijua. Meneja wetu ni mtu muungwana, hakunicheka. Alinijibu kwamba Desemba na Januari uwanja hauingizi hata senti, na malipo hayo ndiyo yanayotulipa sisi mishahara ya miezi hiyo. Nikamwambia basi wachukue pesa, ila anayebadili mawazo kabla ya Februari arudishiwe bila maswali. Akasema kipengele cha kurudishiwa kipo tayari, mpaka katikati ya Januari. Kipo kweli, nilikwenda kukitafuta: ukurasa wa tatu wa fomu, maandishi madogo, chini ya sheria za kuegesha magari. Katika wateja wangu hakuna hata mmoja aliyekuwa akikijua, na karatasi ya majibu haikitaji.

Haijakikataza pia. Msimu huu kila ninayempigia namwambia tarehe hiyo kabla sijamtajia bei. Yule mwalimu wa hesabu aliiandika, akanisomea tena kuhakikisha, kisha akalipa.